Meno Aliyoyachimba Ntirampeba

Kabla ya Operesheni Vijiji, Ntirampeba alikuwa hajawahi kuitazama kazi ya mikono yake. Aliifanya tu, akaondoka. Watu walikaa kwa kutawanyika, huyu kilima hiki, yule kilima kile, bonde zima katikati. Mtoto mchanga akishikwa na homa na kuharisha, anatumwa mtu mbio kumwita. Ntirampeba anakwenda, anamlaza mtoto mapajani, anapitisha kidole kwenye fizi mpaka apapase vivimbe vyeupe, viwili juu na viwili chini. Kwao, ng'ambo ya mto Malagarasi alikozaliwa, waliviita ibinyo: meno ya uongo, yanayomla mtoto kwa ndani. Basi anachimba. Anatoa kitu cheupe, laini, kidogo kama punje ya mtama, anamwonyesha mama mtu, umemwona mdudu wako? Mama analia kwa shukrani, kuku anafungwa miguu, na bibi huyo anashika njia ya kwake. Mtoto yule hamwoni tena, maana akikua anakulia hukohuko kwao.

Chombo chake kilikuwa spoki ya baiskeli. Alipewa na Athuman, mwenye duka wa Kasulu mjini, siku gurudumu la baiskeli yake lilipopinda kwenye makorongo ya barabarani. Ntirampeba aliinoa ile spoki juu ya jiwe siku mbili mpaka ikatoa ncha bapa, akaifunga kitambaa na kuichomeka kwenye nyasi za paa juu ya mlango. Na isionekane alikuwa mtu mbaya, jamani. Alikuwa mwanamke mcheshi, mwepesi wa miguu, na akiitwa alfajiri alikwenda alfajiri hata kama mvua inamwaga. Watu walimwita Mama wa Meno, na jina lenyewe alilipenda.

Halafu ndiyo ikaja Operesheni. Watu wakashushwa vilimani na kupangwa kando ya barabara, upande wa Titye, nyumba mstari mmoja, na shule ya msingi mwisho wa mstari. Wazee walinuna mwaka mzima kwa sababu ya migomba waliyoiacha nyuma. Ntirampeba hakununa sana. Alipata majirani wa kupiga nao soga, na mjukuu wake Niyonsaba alipata shule ya kutembea dakika kumi.

Huyu Niyonsaba alikuwa mtoto wa kwanza wa binti yake Rosa, ambaye aliolewa Kibondo na fundi seremala mmoja aitwaye Havyarimana. Alipoachishwa ziwa aliletwa kwa bibi yake, na kwa bibi akabaki. Katika miezi yake ya kwanza alikuwa ameugua vibaya, homa juu, tumbo halishiki kitu, macho yameingia ndani. Ntirampeba alisafiri mwenyewe hadi Kibondo na spoki yake, akamchimba. Siku ya nne mtoto alinyonya. Tangu alipoanza kuelewa maneno, Niyonsaba aliambiwa kisa hicho kila jioni moto ukiwashwa: mimi ndiye niliyekurudisha, mama, ningekawia siku moja tu ungezikwa. Mtoto alikijua kisa hicho kuliko sala ya Baba Yetu.

Meno ya utoto yalipong'oka, yale makubwa mawili ya mbele yalitoka vizuri tu. Ya pembeni ndiyo yaliyoleta balaa. Upande mmoja halikutoka kitu. Upande wa pili jino lilitoka limepinda, la kahawia, na vishimo vishimo kama limetafunwa na mchwa. Machonge hayakuonekana kabisa. Akitamka neno lenye sauti ya "s" hewa inapenya pale penye pengo na kupiga mluzi, na watoto, wanavyojua kuumiza, wakaufanya mluzi ule kuwa salamu yake. Niyonsaba akaanza kuziba mdomo kwa kiganja anaposema. Baadaye akaona usumbufu wa nini, akaacha kusema. Na bibi yake wakiota moto wawili tu, alizungumza vizuri, tena mbea kweli. Akiingia mgeni tu, kimya.

Ntirampeba alijiambia ni damu ya ukoo wa Havyarimana, watu ambao meno yao hayakuwahi kumpendeza.

Sasa sikia. Asubuhi moja mwaka wa sabini na saba, amekaa kizingitini anapukuchua maharage, watoto wa shule wanapita. Mmoja akacheka na kiganja mdomoni. Ntirampeba akatabasamu, akasema moyoni, huyo naye kama wangu. Wakapita wengine, na katikati yao binti mwingine, kiganja mdomoni. Akaacha maharage. Kesho yake alikaa palepale, na keshokutwa, na safari hii hakuwa anapukuchua chochote. Alikuwa anawatazama midomo. Alipomwona mtoto anayejificha aliuliza majirani, huyu wa nani, na walikuwa wanakaa wapi kabla ya Operesheni? Wakamtajia kilima, naye akakikumbuka kilima, akamkumbuka na kuku. Pamoja na wake mwenyewe walifika kumi na mmoja. Wote walikuwa wamelala mapajani pake. Wale ambao mama zao hawakuwahi kumwita walikuwa wakicheka mdomo wazi, meno nje.

Ungedhani alikwenda kumwambia mtu. Wapi. Alirudi ndani akapika, akala kidogo, akasema hajisikii vizuri. Alitafuta sababu nyingine akaipata, akaitafutia mwenzake nayo akaipata: labda maji ya bonde lile, labda mwaka wa njaa. Lakini kila alipofika mwisho wa sababu zake, walikuwapo kumi na mmoja.

Mwalimu Ildefonsi, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa, alimtembelea juma lile kumlalamikia mjukuu. Alisema Niyonsaba anaandika vizuri kuliko darasa zima, lakini akiambiwa simama usome, anasimama kama mlingoti mpaka aambiwe kaa. Alisema wako kadhaa wa namna hiyo, wananong'ona kama wezi, na amewachapa weee mpaka amechoka. Ntirampeba alisikiliza, akamkaribisha uji, akasema watoto wa siku hizi ni wakaidi. Neno hilo lilimtoka mdomoni kirahisi, na mwalimu alipoondoka lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Haukupita mwezi akaletwa shuleni bwana mmoja kutoka Kasulu, Melkiadi, msaidizi wa tabibu wa meno, na kioo kidogo chenye mpini. Wazazi waliitwa. Watoto walipanga foleni, wakafunua midomo mmoja mmoja, na Melkiadi akawa anawasogeza wengine kulia, wengine kushoto. Alipomaliza, upande wa kushoto walikuwa kumi na mmoja. Akauliza wazazi kwa upole kama watoto hawa walichimbwa fizi walipokuwa wachanga. Wazazi wakatazamana. Akaeleza kwamba kile kitu cheupe si mdudu wala si jino la uongo, ni chonge la utoto lenyewe ambalo halijakomaa, na nyuma yake limejificha lile la ukubwani, na kwamba chuma kikiingia mle huharibu yote mawili pamoja na majirani yake. Homa ile na kuharisha kule, alisema, ni tumbo. Dawa yake ni kumpa mtoto maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari, na kumwahisha hospitali. Na wapo wanaokufa kwa kidonda cha chuma kichafu.

Mama mmoja aliyesimama karibu na Ntirampeba alimgusa kiwiko kwa siri, kisha akapaza sauti, hapana bwana, wamezaliwa hivyohivyo. Na wengine wakaitikia, ego, ndiyo, wamezaliwa hivyo. Walikuwa wanamfichia. Wanawake kumi ambao watoto wao walichekwa na kuchapwa walisimama wakamfunika yeye, kwa sababu alikuja kwao mvua inanyesha. Ntirampeba alitazama chini. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na bado hakufungua mdomo. Alikuwa anamkumbuka mtoto wa kumi na mbili, wa kilima cha nyuma ya msitu, aliyevuja damu siku mbili akafa. Yeye alikuwa amewaambia wazazi wamechelewa kumwita.

Tangu siku hiyo waliokuja kumwita aliwaambia macho hayaoni vizuri. Alidhani atatoka hivyo, polepole, bila mtu kujua. Ile spoki hakuitupa. Kila alipopita mlangoni aliiona pale juu, akainamisha kichwa.

Mwezi wa kumi, lori la mzigo lilisimama barabarani mchana, akashuka Rosa kutoka Kibondo na mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe aliitwa Reverien, wa miezi mitano, na alikuwa hoi. Alikuwa akiharisha tangu juzi, alisema Rosa, na homa haishuki. Mama mkwe wake alimpapasa fizi akakuta vivimbe, akasema mpeleke kwa mama yako, kwa nini tuhangaike na mtu anayejua yupo? Wanawake wa mstari ule walikuwa wameshafika uani, mmoja na maji, mmoja na mkeka. Niyonsaba alikuwa ametoka shule, amesimama kwenye pembe ya nyumba na sare yake, anamtazama mdogo wake ambaye hajawahi kumwona.

Rosa alimfungua mtoto akamlaza mapajani kwa mama yake. Ntirampeba alikipitisha kidole bila kutaka. Vilikuwapo, viwili juu na viwili chini, mahali palepale. Akasema macho yake mabovu. Rosa akasema huhitaji macho, Mama, umechimba gizani mara ngapi? Akasema mkono unatetemeka. Rosa akaanza kulia, akamuuliza mbona wengine aliwatembelea milima saba kwa miguu, na leo mjukuu wake wa kiume ameletwa mpaka miguuni pake anatafuta visingizio. Wanawake walimuunga mkono. Hata yule aliyemgusa kiwiko shuleni alisema, fanya tu, Mama wa Meno, hapa ni sisi kwa sisi.

Ndipo Niyonsaba alipoondoka pale penye pembe. Alivuta kigoda mpaka mlangoni, akapanda, akaichomoa spoki kwenye nyasi. Akaifungua kitambaa, akaisuuza kwa maji ya mtungi mara tatu kama alivyosikia kwenye kisa cha kila jioni, akaja akasimama mbele ya bibi yake na mbele ya wale wanawake wote. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika chuma kile, hakubakiwa na kiganja cha kuzibia mdomo.

"Bibi, usiogope," alisema kwa sauti ambayo majirani hawakuwahi kuisikia. "Mimi uliniokoa. Nisingekuwapo sasa hivi. Mwokoe na huyu."

Kila "s" ilipiga mluzi, na hakuna aliyecheka. Midomo ilikuwa wazi kabisa, pengo upande huu, jino la kahawia upande ule, na uso mzima ulikuwa unang'aa kwa imani. Mwalimu Ildefonsi alikuwa amevunja fimbo asiipate sauti ile. Ilikuwa imekuja yenyewe, na ilikuja kumsifu Ntirampeba.

Ntirampeba angeweza kunyamaza hata hapo. Angeweza kusema mkono unauma, tumpeleke mtoto Kasulu, na Niyonsaba angebaki na bibi yake aliyemrudisha kutoka kaburini. Alilifikiria jambo hilo, sitaki kudanganya. Lakini mtoto alikuwa bado amemnyooshea chuma, na Rosa anangoja, na ikiwa si leo basi kesho wangempata mwingine mwenye chuma kama hicho.

"Sikukuokoa, mama," alimwambia. "Ulipona tumbo mwenyewe. Mimi nilikuharibu meno. Hayo unayoyaficha niliyaharibu mimi kwa hicho ulichoshika, na ya wenzako kumi ni mimi, nami nimejua tangu masika nikanyamaza."

Niyonsaba aliitazama ile spoki kwanza, kisha akamtazama bibi yake kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Halafu akaiacha ikaanguka mkekani. Mkono wake wa kulia ukapanda taratibu, ukafika mdomoni, ukaziba.

Walimpeleka Reverien Kasulu alasiri ileile kwa lori lililokuwa linarudi. Njia nzima Ntirampeba alimpa maji kwa kijiko, ya chumvi na sukari, akihesabu vijiko kwa midomo mikavu. Melkiadi ndiye aliyewapokea mlangoni hospitali. Akamwona yule bibi, akapokea mkononi mwake ile spoki imefungwa kitambaa, akamchukua mtoto. Mtoto alilazwa siku sita, akapona.

Waliporudi kijijini, Ntirampeba alikwenda shuleni. Alimwambia Mwalimu Ildefonsi asiwachape tena wale watoto, akawataja majina yao wote na vilima walivyotoka, na akamwambia sababu. Mwalimu aliketi chini. Kisha akamwomba ayaseme hayo mbele ya darasa, wenyewe wayasikie kutoka kwake. Basi akasimama pale mbele, bibi wa watu, na Kiswahili chake cha kuokoteza kilichochanganyika na Kiha, macho arobaini yanamtazama mdomo. Maneno yakagoma. Akajikuta ameinua mkono kuuziba. Ndipo alipojua, kwa mara ya kwanza katika umri wake, wale watoto walikuwa wanasimama mahali gani kila siku. Akaushusha mkono kwa nguvu akasema yote mpaka mwisho. Niyonsaba alikuwa dawati la tatu, anatazama dirishani.

Kijiji hakikumfukuza. Wengine walimkasirikia, si kwa sababu alichimba, bali kwa sababu alisema. Mama mmoja alimwambia umetuachia mzigo, sasa tutawaambia nini watoto wetu? Hakuitwa tena Mama wa Meno. Nyumbani Niyonsaba alimsalimu asubuhi, akachota maji, akaosha vyombo, akaitika akiitwa. Kisa cha jioni hakikusimuliwa tena, na badala yake hakikupatikana kingine. Ule umbea wa jikoni ulikwisha. Ntirampeba alikuwa akiamka, anamwangalia mtoto amelala chali, mdomo wazi, analia kimyakimya asimwamshe.

Na hivyo mwaka ukaisha, na mwingine ukaanza. Shuleni fimbo ilikuwa imekoma, na Mwalimu Ildefonsi aliwaruhusu wale kumi na mmoja kusoma kwa sauti wakiwa wameketi. Tisa walianza. Niyonsaba hakuwa miongoni mwao.

Wakati wa likizo ya mwisho wa mwaka huo walikwenda Kibondo kumsalimu Rosa. Reverien alikuwa anatembea sasa, mtundu, anavuta kila kitu cha karakana ya baba yake. Ntirampeba alikuwa ameketi uani anachambua mboga. Niyonsaba alimkamata mdogo wake, akamweka mapajani, akamchekesha mpaka akafunua mdomo, kisha akamnyanyua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Pembeni mwa meno ya mbele, pale penye kivimbe cha mwaka jana, lilikuwa limechomoza chonge, jeupe, lenye ncha, zima kabisa.

"Bibi," alisema. Hakuwa amemwita hivyo kwa kuanza yeye tangu siku ile ya spoki. "Langu lilikuwa kama hili?"

Ntirampeba aliweka mboga chini, akasogea, akatazama. Alitazama vizuri, kwa sababu lilikuwa swali la kujibiwa vizuri.

"Ego," alisema. "Lilikuwa kama hilohilo."

Niyonsaba aliendelea kumshikilia mtoto mdomo, na mikono yake yote miwili ikiwa na kazi, mdomo wake mwenyewe ulibaki wazi mbele ya bibi yake.

"Siku lilipoingia mkononi mwako," aliuliza tena, na "s" ikapiga mluzi uani kote, "lilikuwa zuri?"

"Lilikuwa zuri, mama," Ntirampeba alijibu. "Nikalitupa kwa kuku."